Kuzunguka miji midogo ya kale ya kaskazini mwa Italia kwa treni: mwongozo kwa anayeanza

Wanaotaka kuizunguka miji midogo ya kaskazini mwa Italia huniuliza maswali yaleyale. Nikodi gari? Nilale usiku mmoja mmoja kila mji? Mbona kanisa limefungwa mchana kweupe? Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, majibu nimeyapanga hapa ili uyafuate hatua kwa hatua.

Hapa hatuzungumzii Roma, Firenze wala Venezia. Tunazungumzia Ferrara, Ravenna, Modena, Parma, Mantova, Padova na Vicenza. Mingi kati ya miji hii iliwahi kuwa na watawala wake na majumba yao ya fahari, na leo kitovu chake unakivuka kwa miguu bila kuchoka. Shauri langu kubwa ni moja: lala sehemu moja au mbili tu, penye makutano ya reli, toka asubuhi, rudi jioni. Mji mmoja kwa siku. Anayetaka miwili kwa siku huishia kuvijua vizuri vituo vya treni.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo), kama pasipoti yako ni ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usiungoje huo mwisho. Ukiwa unapita pia Ufaransa au Uswisi, omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Mwenye kibali cha kuishi katika nchi ya Schengen aruke hapa.
- Pasipoti itakayobaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Schengen, yenye kurasa mbili tupu.
- Bima ya safari ya angalau euro 30,000. Bila hiyo viza hupati.
- Adapta ya umeme. Plagi ya Tanzania, Kenya na Uganda, ya pini tatu za bapa, haiingii huko. Italia wanatumia pini mbili za mviringo, au tatu zilizopangwa mstari mmoja.
- Begi moja la kubebeka. Mitaa ya kale imetandikwa mawe, na magurudumu madogo hayapendi mawe.
- Viatu ambavyo mguu umeshavizoea. Vipya viache nyumbani.
- Khanga au skafu nyepesi. Makanisani mabega na magoti yafunikwe, kwa wanawake na wanaume. Khanga inafaa kuliko koti: haina uzito, na jioni unajitanda.
- Kadi ya benki uliyokwisha kuwaarifu benki kwamba itatumika Italia, pamoja na fedha taslimu kidogo.
- Programu ya Trenitalia, shirika la reli la Italia, kwenye simu.

Hatua ya 1: Chagua majira

Nenda Aprili hadi katikati ya Juni, au Septemba na Oktoba. Karibu miji yote hii iko kwenye bonde la mto Po, na bonde hilo Julai na Agosti ni jiko. Mtu wa Dar au Mombasa atacheka akisikia hivyo, lakini joto la huko halina upepo wa bahari wa kulipunguza, na Mantova, iliyozungukwa na maziwa pande tatu, ina mbu wa kutosha. Agosti ina shida nyingine: wenyeji wenyewe huenda likizo, hasa siku zinazoizunguka tarehe 15, ambayo ni sikukuu ya Ferragosto, na utakuta mikahawa mingi imefungwa. Desemba na Januari kuna ukungu mzito. Ferrara ndani ya ukungu inapendeza sana, lakini hiyo iwe safari ya pili.

Chungulia pia kalenda ya matukio kabla ya kulipia hoteli. Bologna ni mji wa maonyesho ya biashara, na wiki za maonyesho bei za vyumba hupaa. Verona hujaa wakati wa opera kwenye uwanja wake wa Kirumi, Juni hadi Septemba. Mantova hujaa Septemba kwa tamasha la vitabu lililoanza mwaka 1997.

Hatua ya 2: Chagua pa kulala

Weka kambi ya kwanza Bologna. Reli za pande zote zinakutana hapo, na kutoka uwanja wa ndege kuna kitreni cha juu kinachokufikisha kituo kikuu kwa dakika saba hivi. Kwa treni za kawaida:

- Modena: chini ya nusu saa
- Ferrara: nusu saa hadi dakika 50
- Parma: kama saa moja
- Ravenna: saa moja na robo hivi

Kambi ya pili iwe Padova. Kutoka hapo Vicenza iko chini ya nusu saa, Verona kama saa moja na zaidi kidogo, na Venezia yenyewe nusu saa hadi dakika 50, kwa hiyo unaweza kwenda kuiona na kurudi kulala kwa bei ya watu wa kawaida. Mantova inafikika kutoka kambi zote mbili. Itembelee siku ya kuhama, ukipitia Modena au Verona, ila soma kwanza habari ya mizigo kwenye orodha ya makosa hapa chini.

Mwenye siku tisa: tano Bologna, nne Padova. Mwenye siku tano akae Bologna zote, asihame.

Hotelini utaombwa pasipoti. Usishtuke, sheria inawataka waandikishe kila mgeni polisi. Na siku ya kuondoka utadaiwa kodi ya utalii ya mji, kwa kila mtu kwa kila usiku, ambayo mara nyingi haikuwamo kwenye bei uliyolipa mtandaoni.

Hatua ya 3: Panga siku zako kwa kufuata siku za kufungwa

Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu. Palazzo Ducale ya Mantova ni mojawapo. Basi Jumatatu nenda Ravenna: majengo yake matano ya mozaiki yako chini ya jimbo la askofu, si serikali, na Jumatatu huwa wazi. Jumapili asubuhi makanisani kuna misa na mtalii hakaribishwi kuzurura, kwa hiyo Jumapili inafaa Ferrara, ambako kazi yako kubwa itakuwa kuendesha baiskeli. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ni bure. Foleni nazo ni za bure.

Hatua ya 4: Wekea nafasi vile visivyoingiliwa hivi hivi

Ni vichache, lakini ukivisahau umevikosa.

Cha kwanza ni Cappella degli Scrovegni, Padova. Ni kanisa dogo ambalo Giotto alilichora kuta zote na dari kati ya 1303 na 1305 hivi. Unanunua tiketi mtandaoni yenye saa na dakika. Ukifika unakaa kwanza kwenye chumba cha vioo kwa dakika 15 ili hewa itulie, kwa kuwa pumzi na unyevu wa miili yetu huharibu rangi. Kisha unaingia kwa dakika 15 nyingine, zaidi kidogo ukibahatika. Ukichelewa, mlango haufunguliwi, na hela hairudi. Nunua mapema, hasa kwa siku za mwisho wa wiki.

Cha pili ni Ravenna: tiketi moja inakupa majengo hayo matano, lakini kaburi la Galla Placidia na ubatizio (jengo la kubatizia) wa Neoniano huingiliwa kwa saa uliyopangiwa. Cha tatu ni chumba cha mchoraji Mantegna ndani ya Palazzo Ducale ya Mantova, kilichochorwa kati ya 1465 na 1474. Idadi ya waingiao huwekewa kikomo.

Hatua ya 5: Jifunze treni kabla ya kupanda

Hapa ndipo wageni wengi hupigwa faini, kwa hiyo soma polepole.

Treni ni za aina mbili. Za kasi (Frecciarossa na Italo) zina kiti chako, saa yako, na bei inayopanda kadiri siku inavyokaribia. Za mkoa, zilizoandikwa *Regionale*, zina bei moja leo na mwezi ujao, hazina namba ya kiti, na ndizo utakazotumia karibu siku zote. Bologna hadi Ferrara ni takriban euro 5, na Ravenna haifiki 10. Kununua tiketi ya mkoa mwezi mzima kabla hakukupunguzii hata senti.

1. Tafuta kwa majina ya Kiitaliano: Padova, Mantova, Venezia.
2. Tiketi ya karatasi igonge mhuri kwenye mashine ndogo iliyo karibu na jukwaa, yenye neno *convalida*, kabla ya kupanda. Tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi.
3. Tiketi ya simu bonyeza kitufe cha *check-in* kabla treni haijaondoka.
4. Kwenye ubao, *Partenze* ni zinazoondoka na *Arrivi* ni zinazofika. *Bin.* ni namba ya jukwaa. Ubao unaonyesha mwisho wa safari, si mji wako. Anayekwenda Ferrara huenda treni yake imeandikwa Venezia, kwa hiyo fuata namba ya treni iliyo kwenye tiketi.
5. Saa ni za mtindo wa 24. Treni ya 19:05 inaondoka saa moja na dakika tano usiku. Na simu ikibaki kwenye saa za nyumbani, kumbuka Italia iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja kiangazi na saa mbili baridi.

Bologna Centrale ina mtego wake. Kuna jukwaa 4, na kuna jukwaa 4 *Ovest*, yaani upande wa magharibi, na hayo ni majukwaa mawili yaliyo mbali. Treni nyingi za kasi ziko chini ya ardhi. Jipe robo saa. Ukiona saa ya ukutani nje ya kituo imesimama kwenye 10:25, usidhani mbovu na usiifuate: imeachwa hivyo kwa kumbukumbu ya bomu la tarehe 2 Agosti 1980 lililoua watu 85 hapo kituoni.

Hatua ya 6: Fuata saa za mji

Toka saa mbili asubuhi. Makanisa mengi hufungwa kuanzia saa sita mchana hivi hadi saa tisa au saa tisa na nusu, kwa hiyo makanisa ni kazi ya asubuhi. Chakula cha mchana huliwa kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu. Baada ya hapo majiko huzimwa hadi saa moja au moja na nusu jioni. Ukifika saa tisa na njaa yako utapewa sandwichi, na usigombane na mtu. Saa hizo zitumie kwa majumba na makumbusho yasiyofunga mchana.

Kahawa inywe ukiwa umesimama kaunta. Ukikaa mezani, hasa kwenye uwanja mkuu, kahawa ileile inaweza kugharimu mara mbili au zaidi. Kwenye bili ya chakula utaona *coperto*, euro moja hadi tatu kwa kila mtu. Hujaibiwa, ni malipo ya meza na mkate.

Hatua ya 7: Ukifika, anzia hapa

*Ravenna.* Kama una siku moja tu, ni hii. Mwaka 402 mfalme Honorius aliyahamishia hapa makao makuu ya dola ya Kirumi ya magharibi, kwa kuwa matope na vinamasi viliufanya mji mgumu kushambuliwa. Ndiyo sababu mji huu mdogo una mozaiki ambazo Roma yenyewe haina. Anza kwa San Vitale, lililowekwa wakfu mwaka 547: Justinian, mfalme wa dola ya Kirumi ya mashariki, na mkewe Theodora wamesimama ukutani na watu wao, wakikukodolea macho. Hatua chache nyuma yake ni kaburi la Galla Placidia. Ndani ni giza, maana madirisha ni ya jiwe la alabasta. Wengi huchungulia, hupiga picha na kutoka. Wewe simama dakika mbili, macho yazoee, na nyota za dhahabu kwenye dari ya buluu zitajitokeza zenyewe.

Kisha Sant'Apollinare Nuovo. Tazama ukuta wa kulia, karibu na mlango, penye picha ya jumba la Theodoric. Huyo alikuwa mfalme wa Wagothi na Mkristo wa madhehebu ya Arius, ambayo Wakatoliki waliyahesabu kuwa uzushi. Wakatoliki walipolichukua kanisa walifuta watu waliokuwa wamesimama kati ya nguzo na kuweka mapazia mahali pao. Ila mikono iliyokuwa juu ya nguzo hawakuing'oa. Ihesabu, ipo mpaka leo. Jioni pita kwenye kaburi la mshairi Dante, aliyefia hapa uhamishoni mwaka 1321. Firenze waliomfukuza bado wanamdai.

*Ferrara.* Kodi baiskeli karibu na kituo. Ukuta wa mji wa kilomita 9 hivi una njia juu yake chini ya miti. Ona kasri la akina Este, watawala wa zamani wa mji, lililoanza kujengwa 1385 likiwa limezungukwa na maji, kisha Palazzo dei Diamanti yenye mawe zaidi ya 8,000 yaliyochongwa ncha.

*Modena na Parma.* Modena ni nusu siku: kanisa kuu lililoanzwa 1099, mnara wa mita 86, soko la ndani, na umemaliza. Parma inataka siku nzima. Usikose ubatizio wa marumaru ya waridi, na kuba la kanisa kuu lililochorwa na Correggio, ambapo watu wanapaa mbinguni miguu ikiwa imekuelekea wewe.

*Mantova.* Palazzo Ducale asubuhi, Palazzo Te mchana. Ndani ya Palazzo Te kuna chumba cha Majitu, kilichochorwa na Giulio Romano na wasaidizi wake, ambamo kuta na dari zote zinakuangukia. Watoto watakipenda kuliko kitu chochote safarini.

*Padova na Vicenza.* Mkatoliki aliyekulia parokia ya Mtakatifu Antonio wa Padua hahitaji kuambiwa aanzie wapi: kaburi lake liko kwenye basilika, na kuingia ni bure. Chuo kikuu ni cha 1222. Galileo alifundisha hapo miaka 18. Vicenza ni mji wa msanifu majengo Palladio. Nenda moja kwa moja Teatro Olimpico, uliofunguliwa 1585. Mitaa inayoonekana kwenda mbali nyuma ya jukwaa ni mbao na plasta, na ina urefu wa mita chache tu.

Hatua ya 8: Uliza kabla ya kula

Emilia, yaani upande wa Bologna, Modena, Parma na Ferrara, ni nchi ya nguruwe, na kwa asiyemla hatari haiko kwenye nyama inayoonekana. Iko kwenye mkate. *Coppia*, mkate uliosokotwa wa Ferrara, una mafuta ya nguruwe. *Piadina*, chapati ya huku Ravenna, kwa desturi nayo inayo, ingawa wengi sasa hutengeneza kwa mafuta ya zeituni. Neno la kuuliza ni *strutto*. Sema *senza maiale, senza strutto* na watakuelewa. Neno jingine la kulijua ni *cavallo*, farasi, anayeliwa Padova, Verona na Parma bila aibu yoyote.

Chakula salama na kitamu mno ni tambi zilizojazwa boga: *cappellacci di zucca* Ferrara, *tortelli di zucca* Mantova. Agiza *burro e salvia*, yaani siagi na majani ya seji, maana Ferrara wanapenda kuzimwagia mchuzi wa nyama. Jibini la Parma hutumia kigandisha cha tumbo la ndama, kwa hiyo anayezingatia uchinjaji aamue mwenyewe. Maduka ya kebabu yapo Bologna na Padova, hasa karibu na vituo.

Makosa yanayorudiwa

- Kukodi gari. Vitovu vya miji hii ni *ZTL*, maeneo ambayo magari ya wageni hayaruhusiwi. Kamera inasoma namba, na faini inakufuata nyumbani miezi baadaye.
- Kubeba mizigo siku ya kuhama bila kuuliza pa kuiacha. Bologna kuna ofisi ya mizigo kituoni. Vituo vidogo vingi havina.
- Kushuka kituo kisicho chako. Venezia Mestre iko bara, Santa Lucia ndiyo iko kwenye mifereji. Verona ya treni zako ni Porta Nuova.
- Kupanda basi ukidhani utalipa kwa dereva. Nunua tiketi duka la sigara lenye herufi T.
- Kuacha simu mezani Bologna Centrale. Vibaka wapo kama kituo chochote kikubwa.

Mambo yakiharibika

*Kuna mgomo.* Neno ni *sciopero*, na hutangazwa kabla. Siku za kazi treni za mkoa zilizohakikishiwa huendelea kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na saa 12 hadi saa 3 usiku. Nenda mapema, rudi jioni, au baki na utembee Bologna chini ya vibaraza vyake.

*Umesahau kugonga tiketi na treni inaondoka.* Mtafute kondakta mwenyewe, mara moja. Akikukuta umekaa, maelezo hayasaidii.

*Umekosa treni.* Ya mkoa, panda inayofuata kama tiketi bado ni ya muda wake. Ya kasi yenye tiketi ya bei ya chini kabisa, nunua nyingine.

*Pasipoti imepotea.* Polisi kwanza, upate karatasi ya taarifa, kisha ubalozi. Tanzania na Kenya zote zina ubalozi Roma. Nakala iliyo kwenye barua pepe yako itakuokolea muda mwingi. Dharura yoyote piga 112.

*Jengo limezungushiwa jukwaa la mafundi.* Matetemeko ya Mei 2012 yaliumiza majengo mengi ya Ferrara, Modena na Mantova, na kazi ya kuyatengeneza imechukua miaka. Uliza ofisi ya utalii ni sehemu gani iko wazi.

*Scrovegni imejaa.* Angalia tena mtandaoni asubuhi, nafasi moja moja hurudi. Ikikataa, kata tiketi ya ubatizio ulio kando ya kanisa kuu la Padova, uliochorwa na Giusto de' Menabuoi miaka ya 1370. Paradiso nzima ya watakatifu imepangwa duara juu ya kichwa chako, na foleni yake ni fupi zaidi.